Pumzi Moja Kisite

Jahazi liling'oa nanga Shimoni asubuhi, likakipita kisiwa cha Wasini hadi matumbawe ya Kisite, ambako maji ni maangavu hata samaki wahesabika kutoka juu. Binamu zake wakajitosa, wakapiga mbizi kwa pumzi moja. Mwanangu, mwenye kifafa, akaniangalia.

Miezi minane hajaanguka. Sikufichi, msomaji, nilishawishika. Lakini daktari wake alikwisha kutueleza: nchi kavu kifafa humwangusha mtu mchangani, chini ya maji humzamisha, wala hapati kupiga ukelele. Tena mita 10 tu chini, hewa ya mapafuni hubanwa ikawa nusu. Mwenye pumu naye aweza kubanwa kifua akiwa mbali na hewa. Hata mafua huziba masikio, maumivu yakaanza mita chache tu.

Nikamkataza. Akanuna hadi adhuhuri. Wasini tulitembea juu ya daraja la mbao linalotunzwa na akina mama wa kisiwani, kati ya mikoko na matumbawe ya kale, ndipo akauliza:

"Mama, na ikitimia miaka minane?"

Nikamwambia tutamuuliza daktari, sote wawili.