Nondo wa Peramiho alivyopiga pamba

Jamani, basi la Dar hadi Songea si mchezo. Nilishuka kiuno kimekufa ganzi, nikaunga na Hiace hadi Peramiho kumsalimia bibi mzaa mama.

Kesho yake akanipeleka shambani. Mahindi hakuna, ni marejea matupu, maua ya njano mpaka macho yanauma. Kwa nyie wa mjini, marejea ni jamii ya kunde, yanarutubisha udongo. Bibi anauza mbegu zake kwa wakulima wenzake, na hizo ndizo sare na madaftari ya binamu yangu wa mwisho.

Mara kikaruka kitu cheupe. Nikadhani kipepeo. Kilipotua kwenye shina kikajiviringishia mabawa kama mtu anayejifunga kanga, ndipo nikajua ni nondo. Nondo gani huyu anatanua mchana kweupe? Na alivyopiga pamba! Mabawa ya juu meupe kama maziwa, yamejaa madoa meusi, na kati ya hayo meusi kuna mabaka mekundu kama pilipili iliyoiva. Alipojikunjua nikaona bawa la chini: jeupe, lina pindo jeusi lisilonyooka, utafikiri mtoto kamwaga wino pembeni mwa daftari. Na mwenyewe mdogo tu, bawa hadi bawa sentimita tatu au nne. Wataalamu wanamwita Utetheisa pulchella, na yupo mpaka Ulaya ya kusini na Asia.

Nikamwita bibi aje aone uzuri. Akacheka.

"Mume wangu, huyo ndiye mwizi wangu."

Akapasua ganda la marejea. Ndani kiwavi mwenye vinyweleo amejilaza, mbegu kwisha kazi!

Kumbe marejea yana sumu, na kiwavi akiyala anaiweka mwilini mpaka anapokuwa nondo. Yale mekundu ni onyo kwa ndege: nile ujute. Ndiyo maana hana wasiwasi na jua.

Tuliokota viwavi mmoja mmoja hadi saa sita, kopo la maziwa likajaa. Nikiwa nimeinama, nondo mmoja akatua kwenye mkono wa shati langu. Najua mayai yake ndiyo viwavi wa mwezi ujao. Nikainua kidole nimminye. Nikayatazama yale madoa. Nikageuka kuangalia kama bibi ananiona, kisha nikampuliza, akaenda zake.

Bibi, wakikusomea hii, naomba radhi.