Kelele za Itale

Kipima mionzi kilipoanza kulia mkononi mwangu kwa mara ya kwanza, nilijua nimepata. Tulikuwa kati ya Bahi na Manyoni, tunakata mstari kutoka kwenye miamba ya shisti kuingia kwenye miamba ya itale. Kwenye shisti mashine ilitulia kwenye mapigo 90 kwa sekunde. Nikavuka kijito kikavu, nikapanda penye mawe ya waridi, ikafika 240. Nikarudi, ikashuka. Nikavuka tena, ikapanda. Nikafunga utepe mwekundu kwenye mti na kuandika daftarini: urani.

Kwa siku mbili vijana tuliowaajiri kijijini walisafisha njia kwa mapanga, na tepe zangu zikaenda zaidi ya kilomita moja, zote zikiufuata mpaka ule wa miamba. Jioni ya siku ya pili fundi mkuu wa kambi, mtu aliyezeekea katika kazi hii, alilisogeza daftari langu karibu na taa akalisoma ukurasa kwa ukurasa.

"Mwanangu, hizi ni jumla," akasema. "Potasiamu ngapi? Thoriamu ngapi?"

Sikuwa na jibu. Siku zote mbili swichi ilikuwa kwenye jumla, inayohesabu mionzi yote pamoja.

"Basi umechora mpaka wa itale. Kesho uanze upya."

Tangu hapo, kila kijana anayekuja kufanya kazi nami namsimulia habari hii kabla sijamkabidhi mashine. Itale yoyote inatoa mionzi. Tani moja ya itale ya kawaida ina gramu 3 hadi 5 za urani, thoriamu mara tatu au nne ya hiyo, na potasiamu kilo 30 hadi 40. Potasiamu hiyo imo hasa ndani ya felspa, madini yale yale ambayo mara nyingi huyapa mawe rangi ya waridi. Ukitoka kwenye mwamba maskini wa vitu hivyo ukaingia kwenye itale, namba lazima ipande. Hujavumbua kitu.

Spektromita, mashine inayohesabu mionzi kwa nishati yake, ndiyo inayotenganisha kelele za vitu hivyo vitatu. Mionzi ya potasiamu hutambulika kwa nishati ya 1.46, inayohesabiwa kuwa ya urani 1.76, na ya thoriamu 2.61, zote katika milioni za elektronivolti. Ninachokitafuta mpakani ni mahali ambapo urani imepanda peke yake na thoriamu imebaki pale pale. Sababu yake ni maji. Urani ikipata oksijeni huyeyuka na kusafiri na maji. Thoriamu ni nzito kuhama. Kwa hiyo urani iliyoiacha thoriamu nyuma ni urani iliyosafiri, na huenda imejikusanya mahali.

Ndiyo maana nikifika mpakani naipa itale mgongo. Namulika upande wa pili: kuna shisti nyeusi? Kuna pairaiti, au kutu nyekundu iliyobaki baada yake? Kuna nyufa za kupitisha maji? Miamba yenye kaboni na pairaiti huyanyang'anya maji oksijeni, na hapo urani hukwama. Mgodi wa Midnite, katika ardhi ya Waspokane jimboni Washington, Marekani, ulichimbwa kuanzia 1955 hadi 1981, na urani yake ilikaa hasa kwenye miamba ya zamani iliyogusana na mwamba wa jamii ya itale, nje ya huo mwamba wenyewe. Aliyeikazia macho itale peke yake angeng'ang'ania upande usio wenyewe.

Lipo jambo jingine lililonichukua miaka kulielewa. Namba tunayoiita ya urani haihesabu urani. Inahesabu bismuthi, kitukuu anayezaliwa mbali sana katika ukoo huo, baada ya radiamu na gesi ya radoni. Ndani ya itale kongwe ukoo wote umekaa pamoja kwa muda mrefu, kwa hiyo ukimhesabu kitukuu umemjua babu. Lakini kwenye mabonde ya Bahi na Manyoni, ambako maji yametoa urani kwenye matale ya pembeni na kuiacha katika udongo wa mfinyanzi na chokaa, ukoo umetawanyika. Mashine inaweza kulia penye urani kidogo na kunyamaza penye nyingi. Hata mvua hudanganya: huyashusha mabaki ya radoni kutoka hewani, na namba hupanda kila mahali. Mimi husubiri saa tatu baada ya mvua kukatika ndipo niwashe mashine. Na udongo wa nusu mita tu unatosha kuzima karibu mionzi yote inayotoka chini yake. Uamuzi hutoka kwenye shimo na maabara.

Nakumbuka bonge moja la udongo tulilolitoa shimoni. Nilipolivunja, katikati ya nyufa palikuwa na utando wa njano, mwembamba kama unga uliopulizwa. Kanotiti. Urani, vanadi na potasiamu, vimeletwa na maji mpaka hapo.

Mzee mmoja alikuwa amesimama ukingoni mwa shimo. Mashamba ya mpunga ya nduguze yalikuwa yanaonekana kutoka pale. Akaniuliza, "Mwanangu, na maji yetu je?"

"Mzee, mashine hii haipimi maji," nikamjibu. Ilikuwa kweli, na ilikuwa aibu, kwa sababu tulikuwa tumechukua sampuli za udongo kwa mamia na hatukuwa na hata chupa moja kutoka kisimani. Midnite iliingizwa mwaka 2000 katika orodha ya taifa ya Marekani ya maeneo yanayotakiwa kusafishwa, na maji yanayotoka mgodini ni sehemu kubwa ya mzigo huo. Urani inayosafiri na maji katika miamba itasafiri nayo pia baada ya sisi kuchimba. Na mahali penye matale kama hapa, kisima kinaweza kuwa na urani yake ya asili kabla ya mtu yeyote kufika. Usipopima mapema, baadaye hakuna atakayejua ya nani ni ipi.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu wa kazi hii: pimeni visima kabla ya kuchoronga shimo la kwanza, na majibu yabandikwe ofisi ya kijiji, kwa Kiswahili.