Kutoka Marang hadi Basotu: Mnyama akiingia kijijini, nani anafika kwanza?

Ukitoka Mbulu mjini kuelekea upande wa Marang, mashamba ya mahindi na maharage yanapanda vilima mpaka yanapokutana na msitu. Msitu wenyewe leo ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara. Tembo akishuka usiku kufuata mahindi, kati yake na nyumba ya mtu kuna matuta machache na mbwa anayebweka.

Simu ya kwanza huenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, naye anamwamsha mtendaji wa kijiji. Mtendaji anamtafuta polisi kata na ofisa wanyamapori wa halmashauri. Mnyama akiwa ametoka hifadhini wanaitwa askari wa TANAPA. Nje ya hifadhi ni kazi ya TAWA, mamlaka iliyoanza kazi mwaka 2016. Mama aliyejifungia ndani na watoto hana habari na mipaka hiyo. Anataka mtu mwenye bunduki, na bunduki iko mbali, tena barabara ya udongo wakati wa masika haina haraka.

Kwa hiyo wanaotangulia ni mgambo na askari wanyamapori wa vijiji, vijana wa hapohapo wenye tochi na filimbi. Kazi yao ya kwanza haina ushujaa wa kusimulia: ni kuzuia watu. Fisi au chui aliyezingirwa na umati wenye mawe na mikuki ndiye anayejeruhi, na watoto hupenda kusogea mbele waone. Kumrudisha nyumbani jirani mwenye hasira, ambaye mbuzi wake wameliwa jana, huenda ni kazi ngumu kuliko kumfukuza fisi.

Hanang jambo hili lina historia yake. Kwa Wabarabaig, kijana aliyemuua simba kwa mkuki alipata heshima na kuzawadiwa ng'ombe. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inaruhusu kuua mnyama katika kujilinda, ila lazima itolewe taarifa, na ngozi, meno hata nyama ni nyara za serikali. Askari aliyezaliwa kijiji hichohicho, aliyesikia hadithi za simba kwa babu yake, ndiye anayepaswa kuandika maelezo.

Kuna simu nyingine ambayo bunduki haiimalizi. Fisi au mbweha anayetembea mchana bila woga, anayeng'ata chochote anachokutana nacho, anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Ukimuua, aliyeng'atwa bado yuko hatarini. Jeraha lioshwe palepale kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo, hata kama jeraha ni mkwaruzo. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Mgambo anayejua hili na kuomba kipande cha sabuni kabla ya kumfuatilia mnyama anastahili sifa kuliko anazopata.

Tatizo ni umbali. Hospitali ya Haydom, iliyoanza mwaka 1955, inategemewa na watu wa pande zote hizi. Lakini kwa familia ya Kihadzabe kule bonde la Yaeda Chini, kuifikia ni safari ya kupanda mlima. Bodaboda usiku huohuo ni bora kuliko kusubiri gari la asubuhi.

Baadaye huja makaratasi. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Kifo kilipangiwa shilingi milioni 1. Shamba lililo ndani ya mita 500 kutoka mpaka wa hifadhi halikupangiwa kitu. Ni vigumu kumweleza hivyo mkulima wa chini ya Marang aliyekesha akipiga debe.

Ukishuka Hanang hadi Ziwa Basotu, jirani na mashamba makubwa ya ngano, mnyama wa kuogopwa ni kiboko. Hukaa majini mchana kutwa. Jua likizama hutoka kwenda malishoni, saa ileile watoto wanayotumwa na ndoo.