Anwani ya Zamani

Msafiri atokaye Tanga akifika Segera hukuta njia zimeachana: moja yaenda Korogwe na Moshi, nyingine Chalinze na Dar es Salaam. Kama kibao cha Segera kingemrudisha Muheza, na cha Muheza kikamtuma tena Segera, angezunguka mpaka mafuta yaishe.

Tovuti nazo hupatwa na msiba huo. Amri moja katika seva humpeleka mgeni kwenye anwani ya https. Amri ya pili, katika programu, humrudisha kwenye http. Kivinjari, chenye subira haba kuliko dereva, hukata safari. Dawa si kufuta amri zote kwa hasira. Fundi mwangalifu hutumia curl, aone kila hatua na namba yake: 301 ni kuhama kwa daima, 302 ni kuhama kwa muda. Kivinjari si shahidi mwema hapa, kwani huweza kukumbuka 301 iliyokwisha kufutwa. Kisha hutazama mpangilio: katika Apache amri husomwa toka juu kwenda chini, na ya jumla ikitangulia huweza kuimeza ile mahsusi.

Tim Berners-Lee, mwasisi wa wavuti, alishauri mwaka 1998 kwamba anwani njema haibadiliki. Shauri zuri, lakini taasisi hubadili hata majina. TUKI iligeuka TATAKI mwaka 2009. Tasnifu iliyokwisha kupigwa chapa haiwezi kuhama pamoja na tovuti. Anwani iliyo katika tanbihi yake ndiyo atakayoifuata mwanafunzi wa Tanga miaka 20 baadaye, na asipowekewa kibao, jibu lake ni 404.