Afya Kabla ya Maradhi

Mtume wetu (s.a.w.) ametuusia kuitumia vyema afya kabla hatujafikwa na maradhi. Wengi wetu twayajua mafunzo hayo, lakini hospitali twaenda tukiwa tumeshazidiwa.

Nilimpeleka mwanangu kutibiwa kikohozi. Daktari, mwanamke mwenzangu, alipomaliza kumwandikia dawa aliniuliza umri wangu, kisha kama nimewahi kupimwa saratani ya shingo ya kizazi. Nilistaajabu, kwani sikuwa na maumivu yoyote. Akanionesha katika kompyuta yake mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021: mwanamke aanze kupimwa afikapo miaka 30, na anayeishi na virusi vya UKIMWI aanze akiwa na miaka 25. Mwongozo huo umo katika intaneti bila malipo; daktari wa zahanati ya kijijini aweza kuusoma sawasawa na wa mjini.

Saratani hii hutanguliwa na dalili fiche zinazochukua miaka mingi, nazo hutibika zikigunduliwa mapema. Nilikubali, nikapimwa. Kuona haya ni sehemu ya imani, lakini hakutukatazi kujihifadhi. Dada zangu, daktari asipotuuliza, tumuulize sisi.