Gonga Mara Mbili

"Kwa hiyo mwanangu, mnatoa hela ili mkaangushwe?"

Mama mkwe aliacha kuchambua maharage akaniangalia kama mtu aliyesikia vibaya. Ilikuwa Krismasi ya 2024, tuko kwao mume wangu, Katesh, na mlima Hanang umejifunika wingu lake kama kawaida. Nikamjibu ndiyo mama, tena tunaangushwa mara tatu kwa wiki. Alicheka mpaka akafuta machozi.

Simlaumu. Huku kwetu mchezo ni mbio. Mimi ni mtoto wa Mbulu, mwenzangu wa Hanang, na wote tumekua tukisimuliwa habari za mzee John Stephen Akhwari wa Mbulu, aliyeanguka akaumia goti kwenye marathoni ya Olimpiki kule Mexico mwaka 1968, na bado akamaliza, wa mwisho, giza limeshaingia. Watu wa Hanang nao hawanyamazi: wana Gidamis Shahanga na dhahabu yake ya marathoni ya Jumuiya ya Madola, Edmonton 1978. Mtu wa huku akiona hatari anategemea miguu.

Dar es Salaam miguu haikunifaa. Jioni moja natoka kazini, hatua chache tu kabla ya kituo cha daladala, nikapigwa roba. Simu ikaenda, pochi ikaenda, sawa, vitu vinanunuliwa. Kilichobaki ni ule mkono shingoni. Miezi mitatu baadaye mume wangu akinikumbatia kwa nyuma jikoni, naruka kama nimenaswa na umeme. Ndipo nikaamua kutafuta shule ya kukabana. Sikutaka karate ya kurusha mateke. Nilitaka kujua nikishashikwa nafanyaje.

Mume wangu alinuna. "Yaani wanaume nisiowajua wakugaragaze chini, halafu nilipe mimi?" Nikamwambia hela ni yangu. Akanuna zaidi.

Shule ya kwanza ilikuwa ya jiu-jitsu ya Kibrazili. Kiyoyozi, vioo ukuta mzima, mkeka mpya, na kijana wa mapokezi anaongea kama anauza kiwanja. Nikaomba kwanza nikae pembeni niangalie. (Dada yangu, usilipe kabla ya kuangalia. Hata kitenge unakikagua.) Mwalimu akamwita kijana mmoja mwembamba, akamkaba ili kuonyesha mfano. Kijana akagonga mkeka mara mbili. Kwenye michezo hii yote kugonga maana yake ni nimekubali, niachie. Mwalimu hakuachia. Alimalizia kwanza alichokuwa anaeleza, watu wakacheka, ndiyo akaachia. Kijana naye akacheka, macho mekundu. Nikachukua viatu vyangu.

Ya pili sikumaliza hata nusu saa. Mkeka unanuka, jamaa mmoja ana kidonda mguuni hakijafungwa na hakuna aliyemuuliza. Fangasi wa bure siwataki.

Ya tatu ilikuwa judo, ndani ya ukumbi wa shule ya msingi, pangaboi mbili na moja haizunguki. Mwalimu mkanda wake mweusi umechakaa mpaka umekuwa wa kijivu. Judo aliianzisha Jigoro Kano, Tokyo, mwaka 1882, naye kwa kazi alikuwa mwalimu, na jioni ile nilimwona humo ndani: sisi wageni hatukuruhusiwa kumshika mtu. Saa nzima tulifundishwa kuanguka tu. Kidevu kifuani, mkono mzima upige mkeka, usitangulize kiganja utavunjika. Mwishoni wazoefu wakacheza wenyewe kwa wenyewe, nikaona njemba la kilo mia hivi linacheza na binti mdogo. Binti akagusa bega lake, kidogo tu, hata hakugonga vizuri. Njemba likaachia palepale, kama limeshika pasi ya moto.

Nikalipa jioni ileile.

Mume wangu alikuja kulainika Julai 2024, Andrew Mlugu alipotuwakilisha kwenye judo ya Olimpiki ya Paris, uzito wa kilo 73. Kumbe Watanzania nao wamo! Nikamwongezea kwamba Zanzibar kuna Mjapani, Tsuyoshi Shimaoka, aliyeanza kuwafundisha vijana huko nyuma miaka ya 1990. Wiki iliyofuata akaja, "kukusindikiza tu". Mwanzoni alikuwa hagongi. Kidume! Yule binti akamkaba mpaka akaona nyota, na tangu siku hiyo hakuna anayewahi kugonga kama yeye.

Sasa lile ambalo sikumwambia mama mkwe. Mume wangu hajawahi kunipiga. Lakini tukigombana, nikitaka kutoka chumbani, hunishika kifundo cha mkono. Anasema anataka tuyamalize. Nikisema niachie, anakaza. Miaka sita ya ndoa hilo tuliliita mapenzi, yeye na mimi. Baada ya ile roba sikuweza tena kuliita hivyo, ila sikujua nimwambieje bila kumfananisha na kibaka.

Usiku uleule wa maharage tulibishana kuhusu hela, kwa kunong'ona, maana nyumba ya wakwe kuta zina masikio. Shemeji yangu duka lake lilifukiwa na tope lililoshuka kutoka mlimani Desemba 3, 2023, na bado hajasimama. Mume wangu anataka tumpe akiba yote. Mimi nasema nusu, Januari kuna ada. Sauti zikaanza kupanda, nikainuka nitoke nje. Akanidaka mkono.

Sikusema kitu. Kwa mkono mwingine nikamgonga begani, mara mbili.

Akaachia. Akabaki anautazama mkono wake mwenyewe kana kwamba si wake.

Nikatoka, nikakaa kwenye ngazi na baridi yote ile, mbwa wa jirani ananibwekea, labda dakika kumi. Nikarudi mwenyewe. Hakuwa amehama pale aliposimama. Tukaendelea kubishana mpaka saa sita usiku, na shemeji tukampa theluthi mbili.