Iskanderia, Oktoba 1995

Nilikuwa mwanafunzi Kairo miaka hiyo. Sisi vijana wa pwani tuliosoma kule, nauli ikipatikana, tulipanda garimoshi kwenda Iskanderia kuiona bahari. Kairo ina Mto Nile, lakini mtu aliyekulia Tanga mto haumkati kiu.

Asubuhi tulipita Kom el-Dikka kwenye ukumbi wa Warumi, safu za viti vya marumaru zilizopinda nusu duara. Ukisimama katikati na kutamka neno, sauti inakurudia ikiwa nzito kuliko ilivyotoka. Ukumbi ule ulikuwa umefukiwa chini ya kilima cha vifusi hadi mwaka 1960, pale kiwanja kilipokuwa kikisafishwa kwa ajili ya jengo jipya. Ujenzi ulisitishwa, wataalamu wa Poland wakachimba pole pole. Mpaka leo nawashukuru waliosema basi, tusijenge hapa.

Kisha tulikusudia kwenda kuogelea ufukwe wa Sidi Bishr. Hatukufika. Karibu na ngome ya Qaitbay watu walikuwa wamejaa ukutani, na muuza mahindi ya kuchoma ameliacha jiko lake. Kreni ilikuwa ikiinua kitu. Kikaibuka kiwiliwili cha mwanamke, graniti tupu, hakina kichwa, maji yakichuruzika kwenye mikunjo ya nguo. Wanawake walipiga vigelegele. Mimi nilishindwa kusema kitu, machozi yalinitoka.

Ngome hiyo ilijengwa karne ya 15 palipokuwa na mnara wa Pharos, ulioongoza vyombo tangu kabla ya Warumi hadi ukaangushwa na matetemeko ya ardhi. Miaka michache kabla ya siku ile, matofali makubwa ya zege yalimwagwa baharini ili mawimbi yasiile ngome, kumbe yanaangukia mabaki yaliyolala chini. Asma El-Bakri, mtengeneza filamu, ndiye aliyepiga kelele. Zege likasitishwa, na Mfaransa Jean-Yves Empereur akaingia kazini na wapiga mbizi wake.

Kwetu Kilwa Kisiwani nako bahari inakula kingo zenye magofu; UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, ikaitoa 2014. Kuta za kuzuia mawimbi tunazihitaji, sipingi. Ila ninyi mnaozisimamia, kabla hamjatosa jiwe hata moja, mtumeni kwanza mpiga mbizi akaangalie chini kuna nini.